Habari Moja, Nguo Mbili

Jumatatu, 3 Juni 2002

Jumamosi imepita vibaya. Mpaka leo moyo unauma.

Mke wangu Adolphine yuko Shabunda tangu mvua za mwaka jana. Alikwenda kumuuguza mama yake, barabara ikafungwa nyuma yake, na sasa hakuna njia ila vindege vinavyobeba magunia ya mawe ya madini na bidoni za mafuta ya mawese. Kila Jumamosi tunaongea kwa foni, ile redio ya mawimbi iliyoko hapa ofisini kwetu Nyawera, mjini Bukavu. Yeye anasema kule, mimi nasema huku, na msitu mzima unasikiliza katikati. Kamituga wanasikiliza. Mwenga wanasikiliza. Wenye bunduki wanasikiliza. Basi mimi nasema kama mtu mzima anavyosema mbele za watu: hali nzuri, watoto wazima, chumvi ipo, à vous, yaani zamu yako.

Juzi Adolphine alinikatiza kabla sijafika kwenye chumvi. Halafu akasema, msitu ukimsikia: "Miye siko telegramu, Grégoire. Niko bibi yako."

Aibu! Msikilizaji mmoja wa Mwenga alicheka ndani ya mawimbi. Nilimsikia.

Jambo lenyewe ni hili. Sister Marcelline wa misheni amenitafutia kiti kwenye ndege ya kutoka Shabunda Jumapili hii. Kiti kimoja. Kingine hakijulikani kitapatikana lini, vita havina ratiba. Nilidhani Adolphine ataruka kwa furaha. Akasema atafikiri! Akasema hawezi kurudi kwa mwanamume anayemsemesha kama mtu wa forodha anayekagua mzigo. Kama sina neno la kumwambia mke, atabaki kwa mama yake.

Mimi sina neno! Mimi niliyemwandikia, siku za uchumba wetu, barua ambazo baba yake alilalamika kwamba zinaleta panya nyumbani!

Mchana nikaingia kwa jirani yetu Cédric, mwenye nyumba ya intaneti. Simpendi Cédric. Anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Lakini ana kiti kizuri, na mimi nilikuwa na huzuni ya kukaa. Akanieleza jambo aliloliona Kampala. Habari inakaa mahali pamoja, akasema, habari ni ile ile. Kompyuta ikibisha hodi, habari inatoka imevaa suti: picha, rangi, aya ndefu. Simu ya mkononi ikibisha, habari ile ile inatoka na kaptula: mistari miwili, kwa heri. Nikamuuliza inamjuaje aliyebisha. Akasema anayebisha hujitaja, na husema anaweza kupokea nini. Siri yote ni kuuliza kwanza.

Kuuliza! Nilikaa posta miaka mingi mimi. Mtu wa posta haulizi. Anatazama.

Nimerudi ofisini na wazo. Wazo kubwa.

Jumanne, 4 Juni 2002

Muzee Théodore amekubali!

Muzee ndiye mwenye ofisi na mwenye foni. Zamani alikuwa mkuu wangu wa posta. Posta ilipokufa alitoka na muhuri wake mfukoni, nami nikatoka nyuma yake. Kila asubuhi anaupiga muhuri ule juu ya karatasi tupu, kuona kama wino ungalipo. Barua hakuna. Muhuri uko tayari.

Nikamweleza mpango. Ujumbe wowote unaotoka msituni tutauandika namna mbili. Kuna Fupi: mistari miwili, ya wenye simu, tutaituma kwa simu ya Cédric. Kuna Ndefu: inachapwa kwenye kompyuta ya Cédric, na tarehe, na salamu, na aya, mtu anaikunja na kuondoka nayo kama mtu. Muzee akafumba macho. Akasema hayo ni madirisha yetu.

Ndiyo, madirisha yetu! La kushoto telegramu, la kulia barua. Mimi nilikaa la kushoto. Watu walikuja na habari kubwa kama nyumba, nami nikazikata. Toa "mpendwa". Toa "natumaini". Toa majina ya watoto, babu yao anayajua. Nilikuwa na mkono mwepesi sana. Mji huu ulizaa, ukaoa na ukazika kwa maneno yangu machache. Na watu walivaa! Mtu alipiga pasi shati kwa ajili ya kwenda posta tu. Wanawake walipita na mwavuli hata bila mvua. Chini, ziwa lilikuwa lile lile, lakini sisi tulikuwa na muda wa kulitazama. Jana nilipita pale. Dirishani pangu wanakaa askari, wameanika soksi. Soksi ya kijani mahali pa kiwiko changu. Nilikaribia kulia barabarani.

Basi, kazi! Mteja wa kwanza wa mpango mpya: mwanamume, mabuti ya mpira, udongo mpaka magotini, jembe begani. Nikamtazama viatu. Viatu havidanganyi. Fupi! Tena nikamsomea kwa huruma, polepole, nikimwonyesha kila neno kwa kidole: kaka, amefika, Luhwindja, mzima. Akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza, papa, pole na safari ya msituni. Akasema ametoka shambani Kasha, kwenye mihogo yake. Siku hizi maprofesa nao wanalima. Ni Profesa Constantin wa chuo kikuu. Akaniomba ujumbe mzima, akauliza nimesomea shule gani, na nilipomtajia akasema anamfahamu mwalimu wangu na atamwombea.

Ajali ya kwanza. Kila gari jipya linakwaruzwa. Cédric alisikia kupitia ukutani, akapiga kelele kwamba ningemuuliza. Nikajifanya sikusikia.

Jumatano, 5 Juni 2002

Leo mambo yamenyooka.

Asubuhi aliingia Maman Bintu, yule mkubwa wa vitenge wa soko la Kadutu. Herini za dhahabu. Viatu vya kisigino, vyekundu, vimetoka Dubai moja kwa moja. Ndefu! Hata mtoto angejua. Habari yake ilitoka Shabunda jana: Tonton Philémon, mjomba wake, anamsalimu, ni mzima, mbuzi wake wamekufa kwa ugonjwa isipokuwa mmoja, anaomba dawa na chumvi. Maman Bintu hakukaa. Alikuwa na mzigo wa kupokea, akasema tumtumie tu kwenye simu, akanionyesha simu yenyewe ikining'inia shingoni kama msalaba wa askofu, akaondoka.

Simu, sawa. Lakini viatu vile, nimpe mistari miwili? Nimtukane? Nikaandika Ndefu ya kweli. Nilianza kwa heshima: "Kwa masikitiko makubwa ninakujulisha..." Zamani ungeona watu wakishika kifua kwa mwanzo kama huo.

Cédric akaninunia. Akasema simu haiwezi kumeza yote hayo, itayakata vipande. Nikamjibu kwamba nyama nayo hukatwa vipande, na ni nyama. Akatuma, akitikisa kichwa. Wivu ni ugonjwa.

Alasiri nikageukia jambo langu. Kwa Adolphine nitatumia mpango ule ule! Ndefu itakwenda kwa mkono: Sister Marcelline anapanda ndege Ijumaa, atampa mwenyewe. Aisome peke yake, bila Kamituga. Na Fupi itakwenda kwa foni Jumamosi, kwa watu wa misheni ya kule wanaopanga viti, maana rubani hasubiri mtu.

Fupi nimeimaliza nikinywa chai, kwenye karatasi ngumu ya telegramu, ya akiba ya posta: KITI JUMAPILI CHA ADOLPHINE. ASIPOPANDA WEKENI BIDONI ZA MAFUTA. GRÉGOIRE. Safi kabisa! Mkono haujapoteza kitu.

Ndefu imenichukua mpaka giza. Niliiandika kwenye karatasi laini ya ndege, ile inayoonyesha vidole upande wa pili, mbele na nyuma, herufi ndogo. Nilianza kwa kumkumbusha jinsi alivyokuwa akija posta kila siku kutoka shuleni kununua stempu. Stempu moja. Wiki zikapita ndipo mtu wa dirisha la kulia akaniambia huyu binti hana wa kumwandikia, ananunua stempu ili apite mbele ya dirisha lako. Nikamkumbusha gauni la manjano. Sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, tulizokula Muhumba, akanipaka pilipili mdomoni makusudi. Jumapili tulizotembea mpaka mwisho wa La Botte, ile rasi iliyoingia ziwani, na kurudi, hatuna la kufanya, mji wote hauna la kufanya, na hakuna mtu aliyekuuliza karatasi ya utambulisho. Alipopelekwa kufundisha kwao Shabunda ndipo nikaanza kumwandikia. Nilimwambia siri ambayo sijawahi kumwambia: maneno yote niliyowakatia watu mchana sikuyatupa, jioni nilimpa yeye.

Halafu nikaandika kwamba nyumba imekuwa kubwa bila yeye. Kwamba binti yetu Carine amejifunza kusuka nywele za dada yake na anazisuka vibaya, na sina moyo wa kumwambia. Kwamba ninalala na kitenge chake cha kijani juu ya mto. Kwamba kwenye foni ninaongea chumvi kwa sababu nikiongea jambo lingine nitalia, na msitu utanisikia.

Nilipomaliza nilikuwa nimelowa kola. Bahasha mbili, zile zenye ukingo wa buluu na nyekundu. Sikuandika majina juu. Nitazijua kwa macho.

Alhamisi, 6 Juni 2002

Asubuhi hakuna mteja hata mmoja. Wote wako kwenye redio na televisheni: Kombe la Dunia, Senegal na Denmark. Tangu Senegal iipige Ufaransa wiki iliyopita, watu hapa wanatembea kama wamerithi nyumba. Leo sare. Muzee alisema sare dhidi ya Wazungu ni ushindi uliovaa koti.

Nilipanda Kadutu kununua ndizi. Kwenye nyumba ya Maman Bintu nikaona turubai. Viti. Wanawake wamekaa chini, wamefunga vitenge kiunoni. Kwaya ya parokia inaimba. Nikavua kofia, nikasikitika kama Mkristo, nikamuuliza jirani mmoja nani amefariki.

Tonton Philémon, akasema. Wa Shabunda. Taarifa ilifika jana kwenye simu.

Nilisimama na ndizi zangu.

Nimeelewa polepole. Kipande cha kwanza kilifika: "Kwa masikitiko makubwa ninakujulisha kwamba Tonton Philémon". Halafu mtandao ukafa, kama unavyokufa kila siku. Hawakungoja kingine. Kwa mwanzo kama ule, nani angengoja? Kilio kikaanza palepale sokoni, kati ya vitenge.

Nikiwa bado nafikiri nikimbie upande gani, mtandao ukarudi. Simu ikalia katikati ya wimbo. Mpwa akasoma kwa sauti, mbele ya kwaya: "ni mzima wa afya, bali mbuzi wake wote wamefariki isipokuwa mmoja, ambaye naye"... Hapo kikakatika tena.

Kwaya ilinyamaza sauti moja moja, besi wa mwisho. Na Maman Bintu akasimama. "Tonton iko muzima! Ni mbuzi! Na miye nishachinja ng'ombe! Nani aliandika hii kitu?"

Sikungoja jibu la umati. Ndizi niliziacha.

Ijumaa, 7 Juni 2002

Siku mbaya ila imeisha vizuri.

Kaka wawili wa Maman Bintu walifika ofisini mapema. Mabega kama milango. Nilikuwa chini ya meza nikitafuta kalamu, na niliendelea kuitafuta. Muzee aliwapokea kwa sauti yake ya posta, akasema mhusika atafika mwenyewe nyumbani kwao kesho asubuhi, kwa miguu, kuomba msamaha mbele ya familia. Mhusika! Hakunitazama. Walipotoka akaniambia kwamba kesho foni atashika yeye, nimwachie mezani cha kusoma.

Wakati huohuo Sister Marcelline anapiga honi nje, gari la uwanja wa ndege wa Kavumu linaondoka, na nyuma ya gari naona wale kaka wamesimama wananunua kalanga. Nikazishika bahasha zangu mbili. Moja nyembamba. Moja ngumu, nene. Sikuhitaji kufikiri: nene ndiyo ndefu, ni akili ya kawaida. Nikampa Sister ile nene kupitia dirisha, nikamwomba aiweke mkononi mwa Adolphine na si kwa mtu mwingine. Akaahidi. Ile nyembamba nikaiweka mezani karibu na foni, kwa ajili ya Muzee, kesho.

Mpaka sasa ndege imefika. Sasa hivi Adolphine anasoma juu ya gauni la manjano. Labda analia. Mungu mkubwa! Nimekula vizuri kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumamosi, 8 Juni 2002

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikwenda kwa Maman Bintu, nimevaa tai. Niliomba msamaha nimesimama. Akanikagua tai. Halafu akasema ng'ombe amekwisha kuchinjwa, viti vimekwisha kupangwa, na Tonton ni mzima, basi badala ya kumlia watamnywea. Nikakalishwa. Nikapewa sahani. Kwaya ikaimba zile za harusi. Aliniambia kitu kimoja tu: siku nyingine nimuulize anataka namna gani. Nikatikisa kichwa kwa heshima, mdomo umejaa.

Nikateremka Nyawera nimeshiba, napiga mluzi.

Mbele ya ofisi kulikuwa na watu. Watu wengi, wamesimama kimya kama kanisani. Wauza mkaa. Wanafunzi. Cédric, ameshika miwani yake mkononi, kwa mara ya kwanza nikaona macho yake. Mwanamke mmoja anajifuta kwa ncha ya kitenge. Nikadhani Muzee amekufa.

Hapana. Nikasikia sauti yake. Sauti ile ya posta, ya kusoma tangazo la serikali, kila neno mahali pake: "...mdomo wangu uliwaka siku nzima, na sikuuosha, kwa sababu ni wewe uliyeupaka. À vous."

Na foni ikajibu, Kamituga: tumepokea vizuri, rudia kuanzia stempu.

Na Muzee akarudia!

Nilipita kati ya watu kwa viwiko. Muzee ameketi mbele ya mikro ya foni, mgongo umenyooka, karatasi yangu laini ya ndege mbele ya miwani. Nikamshika mkono. Akaniondoa. Hakukatiza mpaka neno la mwisho. Chumba hiki kidogo kilisikia habari za kitenge cha kijani na mto. Mwenga ilisikia. Shabunda ilisikia. Nywele za Carine zimesikika katika wilaya tatu.

Baadaye nilimuuliza kwa nini, Muzee, kwa nini? Akaniambia mtu wa posta hasomi, anapitisha. Kilichoachwa mezani hutumwa kizima. Lakini aliligeuzia uso dirisha aliposema hivyo, na sauti haikuwa ya tangazo tena. Mke wake alizikwa mwaka ule vita vilipoanza. Alisema huyo mke naye alikuwa akinunua stempu.

Kusoma kulipokwisha, mawimbi yalikwaruza. Halafu ikaingia sauti ambayo haikujitaja. Sauti nzito, nyuma yake kuku na mvua. "Bukavu, hapa ni pori. Ule mama arudi kwa bwana yake. Terminé."

Hakuna aliyethubutu kuuliza pori gani.

Tukaita Shabunda. Tukaita tena. Operata wa kule akasema watu walikwenda kumwita Adolphine mbiombio, akafika, akasimama mlangoni, akasikiliza, akaondoka. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Mkononi alikuwa na karatasi moja ngumu.

Karatasi ngumu.

KITI JUMAPILI CHA ADOLPHINE. ASIPOPANDA WEKENI BIDONI ZA MAFUTA.

Mke wangu. Miezi yote hii hajaona mwandiko wangu. Ndicho alichokisoma jana, peke yake, bila Kamituga.

Jumapili, 9 Juni 2002

Sikulala. Nilipanda gari la kwanza la Kavumu pamoja na watoto. Vizuizi vitatu njiani. Kwenye cha pili askari alinitazama karatasi, akanitazama uso, akauliza kama ndiye mimi wa stempu. Nikasema ndiye. Akafungua njia bila kuomba kitu. Jambo hilo halijawahi kutokea tangu vita vianze.

Ndege ilitua. Mlango ukafunguliwa. Ikatoka bidoni ya mafuta. Nikashika kichwa. Ikatoka bidoni ya pili. Carine akaniuliza mama yuko wapi. Niliona maisha yangu yote yaliyobaki: mimi, kitenge cha kijani, na foni ya Jumamosi.

Halafu ukatoka mguu. Naujua mguu ule.

Alishuka pole, amekonda, ameshika kuku. Watoto wakamrukia. Mimi nilibaki mahali nilipo. Nasema wazi, nilifurahi. Nilitaka kumwambia mengi. Nikasema: "Karibu. Safari?"

Akaitoa ile karatasi ngumu, akaishika mbele ya pua yangu. Watu wa uwanja wakasogea. "Nilikuja kuangalia wanaume wawili," akasema. "Ule wa karatasi na ule wa foni. Kama ni mutu moya, atanieleza."

Nikaeleza. Bahasha, wembamba, unene, Cédric, Kampala, kompyuta na suti, simu na kaptula, viatu vya Maman Bintu, ng'ombe. Alisikiliza yote. Nilipofika kwenye kwaya alianza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akakaa juu ya bidoni, na kuku akamponyoka. Rubani ndiye aliyemkamata.

Njiani alitazama nje. Akaniuliza kama sambaza bado zinakaangwa Muhumba. Nikasema zinakaangwa, ni ndogo kuliko zamani. Akasema kila kitu ni kidogo kuliko zamani, na akaniegemea.

Nyumbani aliziona nywele za watoto, akakaa kuzifumua. Akaniwekea sharti moja: asitumiwe tena karatasi wala foni. Kama nina neno, nilete mdomo wangu hapa, kwenye sikio lake, kama binadamu. Nikaapa. Nimeapa kwa marehemu baba yangu.

Jumatatu, 10 Juni 2002

Nimeamka na furaha. Nyumba ina sauti. Adolphine bado amelala, safari ilimchosha, na watoto wamelala kila upande wake. Nilimtazama muda mrefu. Nilikuwa na neno la kumwambia, tena zuri, juu ya jinsi shingo yake ilivyo ile ile ya mwanafunzi wa stempu. Lakini mtu aliyelala, utamwambiaje? Basi nikaona nimwandikie kidogo tu, aikute na chai. Kiapo hakikutaja mezani.

Kidogo kikawa kurasa. Nilimweleza na mambo ambayo msitu haukusikia. Nikaona haya mwenyewe.

Na kwa hiyo nimechelewa kazini. Muzee hapokei udhuru wa mdomo. Ni sheria ya posta: aliyechelewa anaandika. Nikaandika Fupi, mkono mwepesi: NIMECHELEWA. SABABU NI MKE. SITAKUBALI ITOKEE TENA. Nikazikunja zote mbili vizuri, moja mezani chini ya kikombe cha Adolphine, moja mfukoni, nikakimbia.

Njiani nilipata wazo jipya kabisa. Namna ya tatu! Fupi, Ndefu, na ya Kati, kwa watu wa viatu vya kati. Nilimweleza Cédric mlangoni. Akaniuliza kama safari hii nitawauliza watu kwanza. Nikamcheka. Wiki nzima ya mafanikio, na kijana bado hajaelewa mpango!

Sasa niko mezani kwangu. Muzee nimempa udhuru wake kitambo, akaupokea kwa mikono miwili. Mistari mitatu tu, na bado anasoma. Amevua miwani, ameifuta, ameivaa tena, amegeuza upande wa pili. Maskini Muzee. Macho yameanza kumwacha.